Tundu la kisigino

Mwanangu wa pili alizaliwa hapa Iowa City, Marekani, mguu wa kulia umegeukia ndani. Nesi aliponiona nalia alinishika bega, akaniambia hakuna mji unaoujua mguu kifundo kama huu. Alisema kweli. Ni katika chuo kikuu cha hapa ambapo Dkt. Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca kule Hispania, alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kunyoosha miguu ya watoto kwa mikono na plasta ngumu badala ya kuipasua. Plasta hubadilishwa kila wiki, mara 5 au 6 hivi, na watoto wengi hukatwa kano ya nyuma ya kisigino kwa chale ndogo. Kisha vinakuja viatu viwili vilivyounganishwa kwa fimbo: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala tu, mpaka mtoto afike miaka 4 au 5.

Plasta anafunga daktari. Viatu unafunga wewe mama, kila usiku, mtoto akirusha miguu na kulia. Mguu unaorudi kupinda baada ya matibabu, mara nyingi umerudi kwa sababu viatu viliachwa kuvaliwa, na ndiyo maana naona umbo la kiatu si jambo dogo. Kiatu kinachoumiza huachwa.

Wiki ya pili mwanangu alitoka malengelenge nyuma ya kisigino. Nikamwonea huruma, nikalegeza mikanda, nikampaka mafuta. Yote mawili makosa. Kiatu kikilegea ndipo mguu unapocheza ndani na kusuguliwa, na mafuta hulainisha ngozi ikachunika zaidi. Fundi wa kliniki aliinama akachungulia kwenye tundu dogo lililo kisiginoni mwa kiatu, la kuonyesha kama kisigino cha mtoto kimekaa chini: kilikuwa hewani. Akanionyesha kuanza na mkanda wa katikati, kubana, kisha kuchungulia tena. Viatu hivyo Ponseti alivibuni na John Mitchell wa hapahapa Iowa, ndani vina bitana laini kama mpira. Tangu siku ile sijalala bila kuchungulia tundu lile.

Mwanangu alipokuwa na miaka 2, wifi yangu kule nyumbani Muleba, Tanzania, alijifungua mtoto mwenye miguu kifundo yote miwili. Baada ya plasta alipewa viatu vya msaada vilivyotoka ng'ambo kwenye boksi, vimeshavaliwa na mtoto mwingine, vikubwa. Mtoto akawa anachomoa mguu kila usiku. Wifi akachoka, akaviacha kwa wiki kadhaa, miguu ikaanza kurudi, wakarudia plasta upya. Aliponitumia sauti ile WhatsApp nilishindwa kumjibu mpaka asubuhi.

Mara ya pili alipewa viatu vilivyoshonwa karibu na nyumbani, kwa mtindo wa Uganda uliobuniwa na Michiel Steenbeek, fundi wa Kiholanzi aliyefanya kazi huko: ngozi, na chuma kilichochomelewa, kazi ya cherehani na vifaa vya karakana ya kawaida. Nilipoona picha nilitafuta kitu kimoja tu. Tundu la kisigino lilikuwepo.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wa huku wanaokusanya viatu vilivyotumika ili wapeleke nyumbani. Nia ni njema, lakini kifaa hiki hakigawiwi kama nguo. Mguu wenye tatizo hugeuzwa nje nyuzi 60 hadi 70, mguu usio na tatizo 30 hadi 40, na fimbo hupimwa kwa upana wa mabega ya mtoto huyo. Fimbo iliyopimiwa mwanangu mwenye mguu mmoja, ikifungwa kwa mtoto wa wifi bila kurekebishwa, inamwacha na mguu mmoja usioshikiliwa inavyotakiwa. Fedha ya kusafirisha maboksi inunue ngozi laini ya bitana, bizimu imara, na nauli ya mama kurudi kliniki. Mafundi tunao: TATCOT, chuo cha mafundi wa vifaa vya viungo pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinawafundisha tangu 1981.

Bitana ndicho ningependa nyumbani wachukue kutoka huku. Ngozi kavu kwenye joto, mtoto akitoka jasho, inakwaruza. Na viatu vya mwanangu hubanduka kwenye fimbo, nepi ikabadilishwa bila kufungua mikanda.

Huku nako wana la kujifunza. Bizimu ya mwanangu ilikatika Ijumaa. Viatu vya mamia ya dola, na hakuna duka mjini lenye bizimu ile. Tulingoja kipande kije kwa posta, usiku nne nimefunga mguu wa mtoto kwa bandeji na moyo umenikaa kooni. Ya wifi ilipokatika, fundi viatu wa stendi aliishona akiwa amesimama pale. Kwangu mimi, kifaa kisichoweza kutengenezwa karibu na mtoto bado hakijawa salama.

Juzi wifi alinitumia picha nyingine. Amechora mstari kwa kalamu ndani ya kiatu, pale vidole vinapofika kisigino kikiwa kimekaa sawasawa. Visipoufikia, anajua kisigino kimepanda, hata kwa mwanga wa simu. Usiku uleule nilitoa kalamu nikachora wa mwanangu.