Kielekezi Hakivuki Mtandao

Anayejifunza kuandika programu kwa mtindo wa obijekti huambiwa mapema kwamba data hukaa ndani ya obijekti (kifurushi cha data pamoja na kazi zake), imefichwa, na anayeitaka sharti aiombe kupitia methodi, yaani funksheni ya obijekti hiyo. Anayeandika programu sambamba kwa ajili ya kompyuta nyingi, kila moja na kumbukumbu yake, huambiwa kinyume chake: taja data ilipo, idadi yake na aina yake, kisha itume. Kwa maoni yangu mvutano huu hauondoki kwa kuzivika funksheni za zamani majina ya klasi (vielezo ambavyo obijekti huundwa kwavyo), na yaliyoipata MPI, kiwango cha kupashana ujumbe kati ya programu sambamba, yanatosha kuwa ushahidi.

Kiwango hicho kilipotolewa mwaka 1994 kililenga lugha za C na Fortran. Toleo la pili, mwaka 1997, likaongeza kiolesura (njia ya kukiita) cha C++, lugha yenye mtindo wa obijekti, ambacho kwa kweli kilikuwa funksheni zile zile za C zilizogeuzwa kuwa methodi, huku mtumaji akibaki na mzigo ule ule wa kutaja anwani, idadi na aina. Wengi waliendelea kuziita funksheni za C moja kwa moja. Toleo la 2.2 la mwaka 2009 likatangaza kwamba kiolesura hicho kisitumike tena katika programu mpya, na toleo la 3.0 la mwaka 2012 likakifuta. Sikusikitika.

Ugumu wenyewe uko kwenye vielekezi. Chukua mti ambao kila kifundo chake kinaelekeza kwenye vingine: kielekezi ni anwani yenye maana ndani ya kumbukumbu ya mchakato mmoja tu (yaani programu moja inayoendeshwa), na kikifika kwenye mchakato mwingine huwa namba tupu. Hivyo mti wote lazima upitiwe kifundo kwa kifundo, ugeuzwe kuwa mfuatano wa baiti, kisha ujengwe upya upande wa pili. Lugha ya Java hulifanya hilo yenyewe kwa klasi zilizoruhusiwa, na hapo ndipo mwandishi wa programu anapodanganyika, kwa maana mstari mmoja wa kutuma huonekana mwepesi ilhali nyuma yake kuna kazi kubwa ya kunakili.

Ndiyo maana napendelea uamuzi wa mpi4py, maktaba ya kutumia MPI katika lugha ya Python. Methodi ya send, kwa herufi ndogo, hupokea karibu obijekti yoyote na kuigeuza kuwa baiti. Send, kwa herufi kubwa, hutuma safu ya namba moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu. Gharama inaonekana kwenye jina. (Herufi moja, nakiri, ni rahisi kupotea machoni, nimewahi kumaliza siku nzima nikitafuta kwa nini programu yangu inakokota miguu.)

Charm++, mfumo wa kuandika programu sambamba uliozaliwa Chuo Kikuu cha Illinois, ulikwenda mbali zaidi: ujumbe hauelekezwi kwa namba ya mchakato bali kwa obijekti, na mfumo unaweza kuihamisha obijekti kutoka prosesa moja hadi nyingine ili kusawazisha kazi. NAMD, programu ya kuiga mienendo ya molekuli, imejengwa juu yake. Bei yake ni kwamba anayeita methodi ya mbali kwa kawaida hasubiri jibu, kwa hiyo mtiririko mzima wa programu hufikiriwa upya. Na hata humo, obijekti yenye data ya kuhama huandikiwa methodi inayotumika kupima ukubwa wa data yake, kuifunga na kuifungua: kilichofichwa bado kinatolewa nje, ila sasa obijekti yenyewe ndiyo inayokitoa.