Makopo mawili hayatoshi kuhukumu magugu maji

Nenda kwenye maonesho ya sayansi ya shule yoyote hapa Mwanza, hutakosa makopo mawili ya mchicha. Moja limefurika majani ya kijani na limebandikwa karatasi: "Mbolea ya magugu maji". La pili lina vijiti vya njano, limeandikwa "Bila mbolea". Mwanafunzi aliyenyooshewa shati vizuri anaeleza kwamba nadharia tete yake imethibitika. Wazazi wanapiga makofi, mwalimu anatabasamu, msafara unahamia meza inayofuata.

Mimi makofi huwa nayabana. Si kwamba wazo ni baya. Magugu maji, ambayo asili yake ni Amerika Kusini, yalionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo yamekuwa yakiziba mialo, yakinasa nyavu na kuwachosha wapiga makasia. Mtoto anayewaza kuyageuza chakula cha mimea anawaza vizuri kuliko wakubwa wengi. Kinachonikera ni kwamba jaribio lenyewe limepangwa lisiweze kushindwa. Ni mechi ambayo refa ni mjomba wa golikipa.

Tuanze na hilo kopo la "bila mbolea". Ukichukua udongo wa kichanga wa milimani kwetu ukaushindanisha na udongo uliochanganywa na mboji, hata majani ya mwembe yaliyooza yatashinda. Umeonesha kwamba mboji inasaidia, jambo ambalo bibi yako kule Magu hakuhitaji maabara kulijua. Swali lenye uzito ni hili: je, mboji ya magugu maji inafika ilipo samadi ya ng'ombe, ambayo Usukumani haijawahi kuadimika? Kwa hiyo yanahitajika makundi matatu: udongo mtupu, udongo na samadi, udongo na mboji ya magugu. Udongo wote utoke kwenye lundo moja lililochanganywa vizuri, mbegu zitoke pakiti moja, maji yapimwe kwa kikombe kimoja. Na vipimo vya mbolea viwe vya vitu vilivyokauka, kwa maana gugu bichi zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji tu. Kilo moja ya gugu bichi dhidi ya kilo moja ya samadi kavu si ulinganisho hata kidogo.

Kubadilisha kitu kimoja tu ni kugumu kuliko kunavyosikika. Mwaka 1668 Mwitaliano Francesco Redi alitaka kujua kama funza huzaliwa na nyama iliyooza, kama watu wa zama zake walivyoamini. Aliweka nyama kwenye vyombo, vingine akaviacha wazi, vingine akaviziba kabisa. Vilivyozibwa havikutoa funza. Lakini mbishi angeweza kusema: umezuia nzi, sawa, ila umezuia na hewa pia. Redi akarudia akitumia kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na kuwakatalia nzi. Funza hawakutokea kwenye nyama ile. Jaribio hili mwalimu yeyote wa baiolojia anaweza kulifanya kwa vipande vya sangara kutoka mwalo wa Kirumba na kipande cha chandarua, mradi majirani wavumilie harufu.

Tukirudi kwenye mchicha, jua nalo lina upendeleo. Tuko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini na Desemba huegemea kusini. Makopo yaliyopangwa nyuma ya ukuta wa darasa yatapata mwanga au kivuli kutegemea mwezi na upande. Dawa yake ni kura: andika namba kwenye vikaratasi, changanya, kila kopo likae pale kura ilipolitupa. Ukipanga kwa macho, mkono utapeleka kopo unalolipenda mahali pazuri, na wewe utaapa hukukusudia.

Sasa idadi. Mtu ataniambia, "Lakini kila kopo lina miche kumi!" Miche kumi ndani ya kopo moja inakunywa maji yaleyale na kuliwa na kiwavi yuleyule. Kopo likipata balaa, yote imepata. Kinachohesabika ni kopo. Ningeomba angalau manane kwa kila kundi, yaani 24, nayo ni chupa za maji zilizokatwa na kutobolewa chini, hakuna gharama. Miche ikipunguzwa, kila kopo libaki na idadi ileile, na anayeng'oa asijue kopo lina mbolea gani. Vivyo hivyo kwa anayepima.

Na anapima nini? Wengi hukimbilia rula. Mchicha uliokaa kivulini hurefuka kwa kuutafuta mwanga huku shina likiwa kama uzi, kwa hiyo urefu unaweza kumpa ushindi mgonjwa. Baada ya wiki nne vuna, osha udongo, kausha mpaka uzito usibadilike tena, kisha pima gramu. Rula ibaki kwa kazi ya kupiga mistari.

(Jambo moja kwa walimu: msiwatume watoto kuingia ziwani kuokota magugu. Konokono wa kichocho hupenda kukaa humo. Chukueni yaliyokwisha kutupwa nchi kavu, na mvae glavu.)

Haya yote hayana ugumu wa kitaalamu. Ugumu uko kwenye mazoea. Maabara zetu zimewafundisha wanafunzi kwamba jibu linatangulia kazi: iodini ikigusa wanga inakuwa bluu-nyeusi, basi hata yule ambaye jani lake limebaki kahawia anaandika bluu-nyeusi, kwa sababu hapo ndipo alama zilipo. Aliyelelewa hivyo hawezi kupanga jaribio la haki. Atatafuta makopo mawili na atachagua lipi la kupeleka kwenye maonesho.

Ningependa kabla ya mbegu kugusa udongo mwanafunzi aandike sentensi moja: "Kama makopo ya magugu hayatayafikia ya samadi kwa uzito, nadharia yangu imeanguka." Mwalimu aweke tarehe na saini. Na anayeangusha nadharia yake kwa jaribio safi apewe alama zilezile za aliyeithibitisha. Ningekuwa jaji, ningeiomba karatasi hiyo kabla sijautazama mchicha, kisha ningeuliza makopo yaliyokauka njiani yameandikwa ukurasa gani.