Baba yangu Mwalimu, na ngoro za mwezi wa tatu

Kwetu Umatengo, huko Mbinga mkoani Ruvuma, katekista, yule anayefundisha dini kwenye Kanisa Katoliki, watu wanamwita Mwalimu, hata mtoto mdogo akimwona anapita anasema "Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu". Mimi ni mtoto wa Mwalimu. Baba amelima kahawa, mahindi na maharage maisha yake yote, na kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa katekista wa kigango chetu, yaani kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia, na leo nataka niseme kitu ambacho nimekaa nacho moyoni muda mrefu, kwamba wakulima wa aina hii Kanisa linawategemea sana halafu tunawaacha wapambane peke yao.

Wanaokaa mjini huenda hawajui kigango kinaendeshwaje. Padre yuko parokiani, ana vigango vingi, kwetu anafika mara moja kwa mwezi na masika barabara ikikatika hafiki kabisa. Hizo Jumapili nyingine zote ibada anaongoza katekista. Mafundisho ya ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara, wachumba wanaotaka kufunga ndoa, mgonjwa anayeomba kusaliwa usiku wa manane, vyote vinaishia mlangoni kwa Mwalimu. Na misiba. Kuzika ndiyo kazi iliyomchukulia baba siku nyingi kuliko zote maana mtu hachagui siku ya kufa.

Sasa kuna mwaka mmoja nilikuwa darasa la sita, ilikuwa mwezi wa tatu, wakati wa ngoro. Kwa asiyejua ngoro, milima ya kwetu ni mikali mno, ukilima hivi hivi mvua inashusha udongo wote bondeni, kwa hiyo wazee wetu walibuni utaalamu wao: unafyeka majani, unayalaza kwa mistari inayokatizana mpaka yanatengeneza miraba, halafu unachota udongo wa katikati unafunika yale majani, unabaki na shimo katikati na matuta pande zote. Mlima mzima unaonekana kama sega la nyuki. Maharage yanapandwa juu ya matuta, majani yanaoza chini yanakuwa mbolea, na maji ya mvua yanatulia mashimoni. Kufyeka na kulaza majani ni kazi ya wanaume, kuchimba na kufunika ni ya wanawake. Ila ni lazima uwahi, ukichelewa mvua inakata mwezi wa tano maharage hayajakomaa.

Baba alikuwa amefyeka nusu tu ya shamba wiki ile. Jumatatu wakaja kumwita, msiba kijiji cha pili. Akanawa miguu, akachukua Biblia yake ambayo huwa anaifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe, akaondoka. Karudi Jumatano jioni, Alhamisi msiba mwingine. Mama hakusema neno, alichukua fyekeo akafyeka mwenyewe, akalaza majani, sisi watoto tukichimba nyuma yake, na nakumbuka viganja vyake vilikuwa vimepasuka kiasi kwamba usiku alikuwa anavipaka mafuta ya taa huku anauma meno. Hatukumaliza. Yale maharage tuliyochelewa kupanda yalikauka na maua yake, na mwaka ule ada ya kaka yangu ilitafutwa kwa kukopa.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "anamtumikia Mungu, Mungu atamlipa" roho inaniuma. Mungu analipa, sibishi, lakini yale maharage yaliyokauka ni kama tuliyala sisi sote kijijini, maana muda wake ndio uliotumika kutuzikia watu wetu. Na aliyelipa zaidi ni mama, ambaye hakuna siku jina lake lilitajwa kanisani.

Wala hili si jambo nimelitunga mimi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, mwaka 1965, kwenye hati yake ya umisionari, ulisema wazi kwamba makatekista wanaofanya kazi hiyo muda wote wapewe malipo ya haki wapate kuishi vizuri. Papa Fransisko naye Mei 2021 akaiweka huduma ya katekista iwe huduma rasmi ya Kanisa. Na sisi watu wa Ruvuma ndio tungepaswa kuelewa kwanza, watawa wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho 1898 lakini vijijini imani ilishikwa na walimu wa dini, na vita ya kwanza ya dunia ilipowaondoa wale wamisionari Wajerumani ni walimu hawahawa walibaki na Wakristo, wengi wao wakulima wenye wake na watoto.

Mimi siombi mishahara mikubwa, najua vigango vyetu havina hela. Ila ngokela tunayo jamani! Tangu zamani Wamatengo wanaitana kulima shamba la mwenzao, wanapika, wanakula pamoja, kazi ya wiki mbili inaisha siku moja. Kwa nini kigango kizima kisiende shambani kwa Mwalimu siku mbili tu mwezi wa tatu, na siku mbili wakati wa kuchuma kahawa? Na zile sadaka zikatwe kidogo familia yake iwe na bima ya afya. Parokia zinachangisha magari, zinajenga kumbi, hili haliwezi kushindikana.

Siku hizi sisi watoto ndio tunatuma hela ya vibarua ngoro zikifika. Jumapili iliyopita nilimpigia mapema kumwuliza kama zimetosha, nyuma yake nikasikia ile rimu ya gari ikigongwa, ndiyo kengele yetu. Akaniambia, "Mwanangu ongea na mama yako, yeye ndiye anajua wamefika wapi, mimi watu wanaingia." Akampa mama simu.