Msimbo wa Falaki Usizikwe Kwenye Kiambatisho

Peleka programu ya kusafisha data za darubini ya redio kwenye jarida la kompyuta, mhakiki atakwambia hajaona jipya la kikompyuta. Ipeleke kwenye jarida la falaki, utaulizwa umegundua nini angani. Wengi huchoka hapo, wakaishia kuubana msimbo kwenye aya mbili mwishoni mwa makala ya nyota. Watakaoutumia baadaye hawana cha kunukuu.

Jiulize kwanza: jipya liko wapi? Likiwa kwenye mbinu, nenda Astronomy and Computing, lililoanza 2013, au RASTI la Royal Astronomical Society. Data za kubuni peke yake hazitoshi. Shindanisha programu yako na inayotumika tayari, kwa mfano CASA, programu ya kuchakata data za darubini za redio, kwa data halisi, na utaje muda, kumbukumbu ya kompyuta iliyotumika na aina ya mashine.

Na majarida makubwa ya falaki hayana mlango uliofungwa kama watu wanavyodhani: makala kuu tatu za Astropy, maktaba ya msimbo wa falaki kwa lugha ya Python, zilitoka kwenye majarida ya Astronomy & Astrophysics (2013), Astronomical Journal (2018) na Astrophysical Journal (2022). Ila ada ya kuchapisha! MNRAS, jarida kuu la Royal Astronomical Society, nalo hutoza tangu 2024. Misamaha ipo, iulizie kabla ya kutuma, si baada ya kukubaliwa.

Kwa asiye na mfadhili, mimi ningesema JOSS (Journal of Open Source Software). Lipo tangu 2016, halitozi hata senti, na makala yenyewe ni fupi mno. Kazi iko kwenye msimbo: wahakiki huusakinisha, huendesha majaribio na kusoma maelekezo, yote hadharani kwenye GitHub, tovuti ya kuweka msimbo. Kinachokwamisha ni leseni huria kukosekana, au programu inayokubali kwenye kompyuta ya mwenyewe tu. Isakinishe kwanza kwenye mashine tupu.

Unganisha Zenodo, hifadhi ya data na programu, na GitHub kabla ya kutoa toleo; lililotangulia halichukuliwi lenyewe. Utapata DOI (kitambulisho cha kudumu cha kunukuu) mbili. Nukuu ile ya toleo ulilotumia, kwani ile ya matoleo yote humpeleka msomaji kwenye jipya kabisa, naye akirudia hesabu zako huenda zisilingane.

Makala za mkutano wa ADASS, wa programu na mifumo ya data za falaki, ni nzuri kwa kujulikana, lakini kurasa ni chache, usiishie hapo. Sajili msimbo ASCL, orodha ya misimbo ya falaki, ni bure. Kisha weka makala arXiv, hifadhi huria ya rasimu za makala za sayansi, kundi la astro-ph.IM (vifaa na mbinu za falaki). Mgeni huko huenda akahitaji kuidhinishwa na mwandishi mzoefu wa fani hiyo, kwa hiyo mtafute huyo mapema, makala ingali rasimu.