Riba ya Marekani Ikishuka, Ndipo Tuwe Macho

Benki Kuu ya Marekani hutangaza riba yake saa tatu au saa nne usiku kwa saa za Nairobi, na kesho yake aghalabu habari hiyo hutupwa kurasa za ndani za magazeti. Mimi naona ni habari ya ukurasa wa kwanza, hasa riba ikishuka.

Tumezoea kuogopa ikipanda, na tuna sababu: pesa za wawekezaji hurudi Marekani, na sarafu za nchi kama zetu hushuka. Wakati mwingine hata haihitaji kupanda, neno tu latosha. Mei 2013 Ben Bernanke, mwenyekiti wa benki hiyo wakati huo, aligusia kwamba huenda wakapunguza ununuzi wa hatifungani, yaani hati za mikopo, waliokuwa wakiufanya ili kushusha riba, uliokuwa dola bilioni 85 kwa mwezi. Hawakuwa wamepunguza hata senti, lakini rupia ya India, iliyokuwa kama 55 kwa dola, ilipita 68 kufikia Agosti.

Lakini mtego hutegwa mapema zaidi. Riba ya huko ikiwa chini, wenye pesa New York na London hutafuta penye faida nono, na hapo ndipo wanapotukumbuka. Juni 2021, riba ya Marekani ikikaribia sifuri, Kenya ilikopa dola bilioni 1 kwa asilimia 6.3, na waliotaka kutukopesha walikuwa wengi kuliko mkopo wenyewe. Kuanzia Machi 2022 Marekani ikapandisha riba mfululizo hadi kuvuka asilimia 5. Pesa zikarudi kwao. Februari 2024 tukakopa tena, dola bilioni 1.5, safari hii kwa zaidi ya asilimia 10, ili tulipe deni la zamani.

Deni hilo la zamani, la dola bilioni 2, lilichukuliwa 2014 dola ikiwa kama shilingi 90: shilingi bilioni 180. Januari 2024 dola ilipita 160, na deni lilelile likawa zaidi ya bilioni 320. Hatukuongezewa hata barabara moja.

Muuza vipuri wa Kirinyaga Road aliujua uchungu huo kabla ya wachumi kuueleza. Mwanzoni mwa 2023 bei ya dola iliyotangazwa na Benki Kuu ya Kenya ilikuwa moja, na ile aliyoipata benki alipotaka kulipia mzigo ilikuwa nyingine, ya juu. Tofauti ile ililipwa na mwenye matatu, kisha abiria.

Serikali husema haya yanatoka nje. Ni kweli nusu. Riba ya Marekani haipangwi Nairobi, ila uamuzi wa kukopa kwa dola ili kugharimia miradi inayoingiza shilingi ni wetu kabisa, na hufanywa pale mikopo inapoonekana rahisi. Kwa hiyo riba ya huko ikishushwa na wakopeshaji wakaanza kubisha hodi Hazina, wabunge wauulize kila mkopo swali hili kabla haujachukuliwa: dola za kuulipa zitatoka kwenye chai ipi, maua yapi, watalii wepi?