Mtoto akirudi kituoni, tuulize kwao kulibadilika nini

Mtoto aliyetolewa kituo cha kulelea watoto wa mtaani na kupelekwa kwao, akirudi kituoni mara ya pili, maneno ya watu huwa yako tayari. Kashazoea vya bure. Kaharibiwa na wazungu. Huyo mtaa umeshamwingia damuni. Nimeyasikia kwa walezi wenzangu, kwa majirani, na wakati mwingine kwa ndugu wa mtoto mwenyewe, na kila nikiyasikia naumia. Watoto wengi niliowaona wakirudi walitamani mno kukaa kwao. Walichokikuta huko ndicho kilichowarudisha.

Nazungumzia Kanda ya Ziwa, Tanzania, ambako ndiko nimefanya kazi ya ulezi. Mwanza inapokea watoto kutoka Geita, Simiyu, Shinyanga, Mara na hata Kagera kwa meli. Wanashukia stendi za Nyegezi na Buzuruga au bandarini, wanalala kwenye baraza za maduka, wanabeba mizigo na kuokota chupa, mpaka siku afisa ustawi wa jamii au watu wa shirika fulani wawachukue na kuwafikisha kituoni. Baada ya hapo inatafutwa familia, na ikipatikana mtoto anarudishwa. Kwa kanuni hiyo sina ugomvi hata kidogo. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka huohuo, inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenganisha mtoto na familia yake. Kituo, hata kiwe kizuri namna gani, si kwao mtoto. Ugomvi wangu ni kwamba tumeifanya kazi ya kumrudisha mtoto kuwa shughuli ya siku moja.

Itazame siku yenyewe. Gari la shirika linaingia kijijini saa tano asubuhi. Mtoto amevaa nguo mpya, na nyuma ya gari kuna godoro lililofungwa kamba, begi la shule, kiroba cha mchele, dumu la mafuta, sukari na miche ya sabuni. Mwenyekiti wa kijiji yupo, mtendaji yupo na muhuri wake. Bibi analia kwa furaha, na ni furaha ya kweli, maana alishamhesabu mjukuu wake kuwa kafa. Fomu za makabidhiano zinasainiwa, bibi anaweka dole gumba. Picha inapigwa kwa ajili ya ripoti ya mfadhili. Saa nane gari limeshageuza.

Usiku ule godoro linalaliwa na watoto wanne. Kiroba cha mchele, katika nyumba ya watu tisa, hakifiki mwisho wa mwezi. Na mtoto huyu aliondoka nyumbani mwanzoni kwa sababu walikuwa wakilala njaa.

Hapa ndipo nasimama na kulisema wazi jambo ambalo wengi wetu tulio kwenye kazi hii tunalijua: fedha ya mtoto inaishia getini. Alipokuwa kituoni alikuwa na fungu lake. Kuna aliyelipa chakula chake, sare zake, dawa zake, mshahara wa mama aliyemwamsha asubuhi. Akirudi kwao fungu hilo halimfuati. Mfadhili alikubali kulipia kitanda ndani ya kituo, na kitanda kikiwa wazi anaingizwa mtoto mwingine. Bibi wa kijijini, ambaye sasa ndiye anafanya kazi yote ya kituo peke yake, anaachiwa kiroba na pole. Lau hata nusu tu ya lile fungu lingemfuata mtoto kwa mwaka wa kwanza, naamini tungekuwa tunazungumza mengine. Mbuzi wawili wa maziwa, mtaji wa kuuza dagaa, bati za kuezekea chumba cha ziada: kwa bajeti ya kituo hivi ni vitu vidogo sana.

Wako watakaosema kuna TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku. Ipo, na nimeona kaya ambazo ruzuku yake imezinusuru. Lakini orodha ya walengwa haifunguliwi kila mara mtoto anaporudi kijijini. Kaya inaweza kuwa nje ya orodha kwa muda mrefu huku ikiwa imeongezewa mtu wa kulisha.

Shule nayo ina mambo yake. Ada ya shule ya msingi iliondolewa miaka mingi iliyopita, ila sare, madaftari na mchango wa chakula cha mchana haviji vyenyewe. Halafu kuna uhamisho. Mtoto anatakiwa ahamishwe kwa namba yake ya prem, yaani ya usajili wa mwanafunzi, mwalimu mkuu wa shule ya mjini na wa shule ya kijijini wote wawajibike, na jambo dogo namna hiyo nimeliona likikwama muhula mzima kwa sababu tu hakuna aliyepiga simu. Mtoto anakaa nyumbani, anapewa ng'ombe wa kuchunga. Mvulana wa miaka kumi na mitatu anayechunga ng'ombe wakati wenzake wako darasani, naye anaijua njia ya kwenda Mwanza, hatachunga kwa muda mrefu. Kwa msichana mara nyingi inakuwa vingine: anatokea shangazi wa mjini anayetafuta dada wa kazi, na ukija kumuuliza bibi mtoto yuko wapi, anakwambia yuko kwa ndugu.

Umaskini hata hivyo si kisa chote, na nadhani tunaupenda kama maelezo kwa sababu haumkosei mtu heshima. Kuandika kwenye faili "hali duni ya familia" ni rahisi kuliko kuandika kwamba baba wa kambo anapiga. Namkumbuka mvulana mmoja ambaye walezi wote tulijua kwa nini alitoroka, alishatuonyesha migongo ya mikono yake. Kwenye faili lake palisomeka umaskini. Mama yake alipatikana, akafurahi, akasaini, na mtoto akapelekwa katika nyumba ileile yenye mwanamume yuleyule. Hakuna aliyekaa na yule mwanamume hata kwa dakika kumi. Mtoto alirudi Mwanza kwa lori la mahindi, na safari hii hakutaka hata kutwambia habari za mama yake.

Mvulana huyo mwenyewe hakuulizwa kama anataka kwenda. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, na sijui maoni gani ni mazito kuliko haya ya nyumba atakayolala. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wa nchi hii, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo swali la nani anampiga mtoto huyu lilitakiwa liwe la kwanza kwenye kila fomu, kabla ya swali la idadi ya vyumba na aina ya paa.

Na jibu likiwa baya, haina maana mtoto abaki kituoni mpaka aote ndevu. Ukoo wetu ni mpana. Kuna mama mdogo, kuna mjomba, kuna bibi wa upande wa pili ambaye hakuna aliyemtafuta kwa kuwa yuko wilaya nyingine. Kama ukoo mzima umeshindikana, kanuni za malezi ya kambo, yaani familia nyingine kumlea mtoto asiye wake, zipo tangu mwaka 2012, ila walezi wenyewe ni wachache kwa sababu hatuendi misikitini, makanisani na kwenye vikoba kuwatafuta. Tunakimbilia mlango wa kwanza uliofunguka, tunaita kazi imekwisha.

Lipo pia suala la muda, na hili ni la kwetu sisi walezi. Mtoto aliyekaa kituoni miaka minne amezoea kengele ya chakula, taa usiku, na mtu wa kumkumbusha kuoga. Kwao anakuta wadogo zake hawamjui, maji yako mbali, na mama aliyekuwa akitarajia kwamba mtoto wa wazungu atarudi na chochote mfukoni. Siku za mwanzo kila mtu anajikaza. Mwezi wa pili maneno yanaanza. Haya hayatibiwi kwa semina ya siku moja. Yanatibiwa kwa mtoto kwenda kwao likizo ya Juni na kurudi, kwenda tena Desemba na kurudi, mama kupigiwa simu kila Jumapili, mpaka siku ya kuhamia moja kwa moja iwe siku ya kawaida isiyohitaji mtu kupiga picha.

Ufuatiliaji tulionao kwa sehemu kubwa ni simu kwa mwenyekiti. "Mtoto anaendelea vizuri." Simlaumu mwenyekiti, wala simlaumu afisa ustawi mwenye kata kadhaa mikononi mwake na asiye na mafuta ya pikipiki. Lakini vijijini tuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Wajumbe wake wanakaa palepale na wanajua nani kalala njaa na nani kapigwa. Wakabidhiwe mtoto kwa jina siku ya makabidhiano, wapewe daftari na vocha ya simu, wawe na namba ya mlezi wa kituoni pamoja na 116 ya msaada kwa watoto. Gharama yake haifikii ya safari moja ya lile gari.

Akirudi licha ya yote hayo, apokewe. Nimeona mahali ambako mtoto aliyerudi alinyimwa kitanda chake cha zamani ili liwe fundisho kwa wengine, na wengine walijifunza kweli: walipotoroka makwao hawakuja kituoni, walikwenda moja kwa moja stendi.

Ndugu zangu mnaofika vituoni na mchele wakati wa Idi na Krismasi, asanteni, unaliwa wote. Safari ijayo kabla hamjashusha mizigo mwulizeni meneja ni watoto wangapi walipelekwa makwao mwaka jana, wangapi bado wako huko, na nani alikwenda kuwaona. Akiwa na majina, mpeni nauli ya kwenda tena.