Nilinunua gari ama nilioa?

Wenye vigari vidogo vya mtumba kutoka Japani mko wapi, ama ni mimi tu? Hapa Kisumu mjini kagari kangu kanateleza poa kabisa, lakini nikianza kupanda mlima wa Nyang'ori naenda Vihiga, giaboksi inalia kama mbuzi wa Krismasi na trekta ya miwa inanipita. Trekta jameni!! Kumbe hiyo giaboksi ya CVT, ile otomatiki ya mkanda badala ya gia za kawaida, inataka oili yake spesheli, na fundi wa kwanza alimwaga ile ya kawaida halafu akanitoza kama ametia asali. Leo bushi, kesho redieta, keshokutwa taa ya injini, fundi anaizima, nikifika Kondele imewaka tena. Mama mkwe naye anauliza mbona siku hizi nakuja na matatu.